Triga ya .22 ya mazoezi: nyepesi sio lazima iwe nzuri

Mtu akisema "nimebadilisha triga ya bunduki yangu" wengi wanachoelewa ni kwamba ameifanya nyepesi, basi. Na hapo ndipo watu wanapoharibu. Mie nataka nilieleze hili jambo taratibu kwa sababu nimelifuatilia mwanzo mpaka mwisho kule shambani kwa mjomba wangu, njia ya kutoka Tanga mjini kwenda Muheza, kwenye bunduki yake ya .22, yaani ya risasi ndogo yenye upana wa inchi 0.22 hivi, na kabla ya hapo niliwahi kuona fundi mmoja anaiharibu bunduki nzima ya watu kwa tupa ndogo tu, na siku ile hakuna aliyeumia, ni Mungu tu.

Mjomba zamani alifanya kazi na kampuni za uwindaji wa watalii, sasa kastaafu ana michungwa yake. Anazo bunduki mbili na leseni zake zote zipo. Moja ni .375, aina ya risasi iliyopo toka mwaka 1912, kubwa, inapiga bega mpaka unasikia kwenye meno. Nyingine ni CZ, bunduki ya Kicheki, ya .22 ya zamani kidogo, ya kuvuta kwa mkono bolti, kile chuma kinachofungia risasi ndani, ndio ya mazoezi. Sababu ya kuwa na ya mazoezi iko wazi, risasi ya .375 inarusha kipande cha gramu 19 hivi na .22 inarusha cha gramu mbili na nusu, sasa piga hesabu ya baruti, ya bei, ya kelele na ya bega. Na kitu kibaya zaidi kuliko bei ni kwamba ukifanya mazoezi mengi na bunduki kubwa mwili unaanza kuogopa, unafumba jicho kabla haijalia, na ukishaizoea tabia hiyo kuiacha ni kazi. Kwa hiyo unafunza mkono kwa ndogo halafu unaenda kufanya kazi na kubwa.

Sasa, triga ni nini hasa. Kwa Kiswahili cha vitabuni kifyatulio, na hilo neno lina msaada mkubwa maana kufyatua tunasema hata kwa mtego, na bunduki ndani yake ni mtego kweli. Ukivuta bolti nyuma ukairudisha mbele, pini ya kugongea inabaki nyuma, springi yake imejibana inataka kuruka mbele, na kinachoizuia ni kijino kimoja cha chuma kimeshikana na kijino kingine. Ukivuta triga unakiteremsha kijino cha chini mpaka kinaachia, pini inaruka, inagonga ukingo wa ganda la risasi. Kwenye .22 baruti ya kuwashia haikai katikati ya kitako cha ganda kama risasi kubwa, imezungushwa ndani ya ukingo, na pini inauminya ukingo ule mpaka ile baruti inawaka. Hii aina ya risasi, .22 Long Rifle, ipo toka mwaka 1887 na mpaka leo ndio inayofunzia watu wengi zaidi duniani.

Waliokulia shamba wanajua mtego wa panya. Ukiweka kile kijiti kimeshika sana, panya anakula chambo mpaka anashiba anaondoka zake, mtego haujaruka. Ukikiweka kimeshika kidogo mno, mtego unaruka wenyewe mlango ukipigwa na upepo, au unakuruka wewe kidoleni wakati unautega. Triga nzima iko hapo. Vile vijino vikishikana kina kirefu utavuta triga, itaburuza, itaburuza, hujui italia saa ngapi. Vikishikana kidogo mno, bunduki italia ukiigonga kitako chini. Mtengenezaji wa bunduki ya bei ya kawaida anajua bunduki yake itaangukia mikononi mwa kila mtu, kwa hiyo anaviacha vimeshikana sana na springi ngumu ili asiue mtu, na mie simlaumu hata kidogo.

Kuna vitu vitatu watu wanavichanganya wakisema triga mbaya. Cha kwanza ni uzito, yaani nguvu ya kuivuta. Cha pili ni kule kuburuza, unahisi chuma kinakwaruzana na chuma kabla ya kuachia. Cha tatu ni kupitiliza, imeshaachia lakini triga bado ina safari ya kwenda nyuma, kidole kinakosa cha kuegemea kinaisukuma bunduki pembeni wakati risasi bado iko ndani ya mtutu. Na risasi inakaa ndani ya mtutu kwa muda ambao kwa binadamu ni hakuna, kama sehemu mbili au tatu tu kati ya elfu za sekunde moja, lakini bunduki inautumia muda huo huo kusogea. Mie kwa maoni yangu kuburuza ndio adui mkubwa kuliko uzito. Triga nzito inayoachia safi unaizoea. Triga inayoburuza huizoei, kila risasi ina siku yake.

Na kwanini kusogea kidogo kuna shida hivyo? Chukua bunduki yenye urefu wa mita moja, kitako kiko begani. Mdomo wa mtutu ukisogea milimita moja tu, kwenye shabaha ya mita 50 risasi imesogea milimita 50, sentimita tano nzima. Kwenye mashindano ya kimataifa ya mita 50 duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4. Yaani mdomo ukiyumba milimita moja umeshatoka kwenye kumi na umeiacha mbali. Sasa fikiria bunduki yenye uzito wa kilo tatu, na triga inataka kilo mbili na nusu kuivuta, ni kama unaibeba bunduki yako yote kwa kidole kimoja huku unataka isitikisike.

Kilo ngapi lakini, ndio tulipoanzia sisi. Mjomba alikuwa analalamika tu "hii triga ngumu", nikamwambia mjomba ngumu kiasi gani, tuipime. Kipimo cha triga hatukuwa nacho. Nikaenda mjini nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa jamaa yangu anayeuza samaki soko la Deep Sea, ile ya ndoano na springi. Kwanza tukaijaribu kwa pakiti ya sukari ya kilo moja na unga wa kilo mbili, ikasoma sawasawa. Halafu bunduki imefunguliwa, chemba, pale risasi inapokaa, imetazamwa kwa macho na kwa kidole, risasi zote zimefungiwa ndani ya nyumba, tukaweka ganda lililokwisha kupigwa ili pini isigonge chuma cha chemba. Hili la ganda ni muhimu, .22 nyingi za zamani ukizifyatua tupu pini inagonga ukingo wa chemba unabonyea, halafu risasi zinaanza kukwama. Kila ukifyatua lizungushe ganda kidogo pini ipate mahali papya.

Nikaishika bunduki, mjomba akatia ndoano katikati ya triga akavuta nyuma moja kwa moja, taratibu sana. Kilo 2.7. Tena 2.4. Tena 2.9. Mara tano, na hakuna mbili zilizofanana. Mjomba akanyamaza kidogo halafu akasema, "Lete ile kubwa." Tukaipima .375 kwa namna ile ile. 1.6, 1.6, 1.7, 1.6, 1.6.

Hapo ndipo mie nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa sijakiona kabisa. Tatizo la ile .22 sio kwamba ilikuwa na kilo karibu tatu, tatizo ni kwamba ilikuwa haifanani na yenyewe, na pia haifanani na bunduki anayoifanyia mazoezi. Alikuwa anakifunza kidole chake kukaza kwa nguvu ya kilo mbili na nusu na zaidi, akienda kushika .375 inamlilia kabla hajawa tayari. Na ndio maana nasema mtu anayeweka kwenye .22 yake ya mazoezi triga ya gramu 300 kwa sababu ameona kwenye video wanashangilia, wakati bunduki yake ya kazi ina kilo moja na nusu au mbili, anajidanganya upande wa pili. Kwenye karatasi atapiga vizuri mno. Akirudi kwenye ile kubwa atavuta haitaki, atavuta haitaki, mwisho ataikwapua. Ya mazoezi inatakiwa ifanane na ya kazi kwa uzito, kwa hatua za kuivuta, na ikiwezekana hata kwa umbo la triga yenyewe pale kidole kinapokaa. Kama .22 ndio bunduki yako ya mashindano hiyo ni habari nyingine, fuata kanuni za mchezo wako. Wale wa kuteleza kwenye theluji na bunduki za .22 mgongoni kanuni yao inasema triga isipungue gramu 500, bastola ya mita 25 isipungue kilo moja, na rifle ya mita 50 haina kiwango cha chini kabisa. Lakini wale wanatia risasi wakiwa wameshalenga upande wa shabaha, hawatembei nayo kwenye michungwa.

Basi, kilo 1.6 inayoachia safi ndio ikawa lengo. Je tukanunue triga mpya moja kwa moja? Hapana, na hapa wengi wanapoteza hela. Kabla hujanunua chochote safisha. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, chuma kinapata kutu hata ndani ya kabati, halafu watu wanapaka mafuta yoyote yaliyopo. Ile CZ ilikuwa imepakwa mafuta ya nazi miaka na miaka na kijana wa shamba, kwa nia njema kabisa. Mafuta ya nazi Tanga mjini ni maji, huoni tatizo, lakini yanaanza kuganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, ukiipeleka bunduki Lushoto mwezi wa saba unakuta mle ndani pamejaa kama samli. Yakichanganyika na vumbi la shamba na mabaki ya baruti yanakuwa gundi. Tulivyoifungua vile vijino vilikuwa na utandu wa kahawia, unauchuna kwa ukucha. Tukaosha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, tukakausha, tukatia tone moja la mafuta mepesi, kama ya cherehani, tone moja tu kwa ncha ya sindano. Tukapima tena, 2.3, 2.3, 2.4, 2.3. Hatujabadilisha kitu chochote na tayari imeacha kubadilika badilika. Ukiwa na bunduki inayosumbua anza hapo, inawezekana ukaishia hapo.

Baada ya kusafisha, angalia kama triga ya kiwandani ina skrubu au nati ya kurekebisha. Nyingi zinayo. CZ mpya za mfano wa 457 kwa mfano zinarekebishika kutoka kilo 0.8 mpaka 1.5 zikiwa na triga yake ile ile, mtu wa mazoezi pale hana haja ya kununua kingine. Ya mjomba nati ilikuwepo, tukashuka mpaka kilo mbili ikagoma kushuka zaidi, na kule kuburuza kukabaki pale pale maana nati inalegeza springi tu, haigusi vijino.

Na hapa sasa ndio kwenye hatari. Mtu akifika hapa anasema si nikwangue kidogo tu hivi vijino? Yule fundi niliyemtaja mwanzo alifanya hivyo hivyo. Alichukua tupa na msasa akalainisha, na kweli siku ya kwanza triga ilikuwa tamu kama embe. Ila vyuma vile mara nyingi vimefanywa vigumu juu tu, tabaka jembamba sana, ndani chuma ni laini. Ukilikwangua lile tabaka umebakiza chuma laini kibebe springi nzito, kinaanza kulika, na pembe nayo imeshageuka, leo iko sawa, baada ya risasi mia mbili haiko sawa. Mwenye bunduki alifunga bolti tu, kidole kiko nje kabisa, ikalia. Ilikuwa imeelekezwa kwenye kingo ya udongo kwa sababu alifundishwa vizuri na wazee wake, vinginevyo sijui tungekuwa tunaongea nini leo. Mie toka siku ile tupa karibu na triga sitaki kuiona.

Kingine wanachofanya ni kukata springi kubwa, ya pini ya kugongea, kwa sababu ndiyo inayovikandamiza vijino, ukiilegeza triga inakuwa nyepesi. Ni kweli inakuwa nyepesi. Lakini pini ya .22 inatakiwa iuminye ukingo wa shaba kwa nguvu ya kutosha, ukiipunguza risasi zinaanza kugoma, moja inawaka, nyingine hailii, na ambayo haijalia hujui kama imekufa au imechelewa, unatakiwa uendelee kuielekeza kwenye shabaha kama nusu dakika ndio ufungue. Mazoezi gani hayo.

Kwa hiyo triga mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki ile ile ikawa ndio njia salama iliyobaki. Inakuja kama kiboksi kidogo kimekamilika, vijino vyake vimesagwa kwa mashine na kulingana, skrubu ya uzito, skrubu ya kupitiliza, kila kitu. Unalipia zile pembe zilizosagwa vizuri, sio wepesi.

Ila usiagize kwenye intaneti kama unavyoagiza kava la simu. Silaha na vipande vyake ni mambo ya kibali, na sisi tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mjomba alianza polisi, kwa wale wale wanaomhuishia leseni, akaeleza anataka kufanya nini kwenye bunduki namba ipi, halafu kifaa kikaja kupitia duka lenye leseni na kufungwa na fundi wa silaha mwenye leseni. Ilichukua miezi. Sioni shida, bunduki haiendi popote na michungwa ipo.

Siku ya kufunga nilikuwepo, na kazi yenyewe ni fupi kuliko maneno haya yote. Bolti ikatolewa. Skrubu mbili za chini zikafunguliwa, chuma kikatoka kwenye kitako cha mbao. Triga ya zamani imeshikiliwa na vipini, fundi akavisukuma kwa kijiti cha shaba ili asikwaruze, kutoka upande ule ule vinakotakiwa kutokea, na kila kipande akakiweka kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio wa kilivyotoka. Mpya ikaingia. Kisha akakuta kitu ambacho mtu wa kujifungia nyumbani angekikosa, kiboksi kipya kilikuwa kipana kidogo, kinagusa mbao ndani ya kitako. Kikigusa, skrubu zikikazwa kinabanwa, na triga inabadilika kila mbao ikivimba kwa mvua. Akapaka masizi ya mshumaa kwenye kiboksi, akairudisha, akaitoa, pale mbao ilipopata weusi ndipo akakwangua kidogo kwa patasi, akarudia mara tatu mpaka weusi ukaacha kuhama. Nusu saa nzima kwa upana wa karatasi mbili. Hapo ndipo nilipojua huyu ni fundi.

Kisha majaribio, bunduki tupu, bolti imerudi. Alifunga bolti kwa nguvu kama mtu mwenye hasira, mara kumi, pini isiruke. Akaweka usalama, ile kufuli ya kuzuia bunduki isilie, akavuta triga kwa nguvu, akaachia, akatoa usalama, pini isiruke, maana kuna zingine zinaachia pale unapotoa usalama na hizo ndizo zinazoua. Akakigonga kitako chini juu ya soli ya raba, akaipiga pembeni kwa kiganja. Haikuruka hata mara moja. Angeona imeruka mara moja kati ya hamsini angeifungua yote aanze upya, alisema hivyo mwenyewe, na skrubu ya kina cha vijino hakuigusa kabisa, aliiacha ilivyotoka kiwandani. Akarekebisha uzito tu. Mizani ya samaki ikarudi kazini, 1.6, 1.6, 1.6, 1.5, 1.6.

Tukaweka sarafu ya shilingi 200 juu ya mtutu karibu na mdomo, mjomba amelala chini, bunduki juu ya gunia la mchanga, ganda tupu ndani, akavuta. Sarafu ikabaki. Kwa triga ya zamani ilikuwa inaanguka karibu kila mara, na yeye kila siku alikuwa anasema ni uzee.

Kwenye risasi za kweli kuna jambo moja wengi hawaambiwi. Ukishatoa chuma kwenye kitako ukakirudisha, bunduki haipigi tena pale ilipokuwa inapiga, kwa hiyo usiende na kisanduku kimoja ukitegemea matokeo, lazima ulenge upya, ukaze zile skrubu mbili kwa nguvu ile ile kila siku. Yetu ilikuwa imehamia kushoto na chini kama sentimita nne kwa mita 50. Tunapiga kwenye korongo lenye ukuta wa udongo mrefu nyuma, mahali ambapo polisi wa wilaya wanapafahamu, kwa sababu hii risasi ndogo watu wanaidharau na inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu ukiiachia hewani.

Risasi kumi za kwanza mjomba alitawanya, kidole bado kilikuwa kinakaza kwa mazoea ya ile ngumu, zikawa zinalia mapema. Nikamwambia mjomba tuziache risasi kwanza. Wiki mbili akawa anafyatua bila risasi barazani jioni, mara ishirini, ncha ya kidole tu, anavuta nyuma moja kwa moja mpaka inaachia yenyewe, halafu anaendelea kuishikilia triga nyuma akihesabu moja mbili ndio aachie. Tulivyorudi korongoni risasi tano ziliingia kwenye eneo unaloweza kulifunika kwa ile sarafu, moja imetoka nje kidogo. Akazitazama, akaingia ndani akarudi na .375, akatia risasi moja tu, akalala.

"Haikunistua," akasema alivyoinuka, anajishika bega. "Nilijua inalia saa ngapi."